Shuka la Msusi Mbele ya Majaji

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka wakili wa katiba aliyefariki Jumapili, nyumbani kwake, baada ya kuugua figo. Wenzake walimwita Bi Kifungu. Walidai kwamba hata ukimsalimia, angekujibu kwa kifungu cha katiba.

Wengi mnamjua kwa kesi ya kwanza. Ndiye aliyeishawishi mahakama ikubali ukomo wa fedha za kampeni. Hoja yake ilikuwa fupi: tajiri akinunua vipaza sauti vyote, uhuru wa wengine wa kusema unabaki kwenye karatasi. Alitaka sheria ibane matumizi yote, bila kuacha hata tundu la sindano. Mahakama ikakubali.

Mimi nitawasimulia kesi ya pili.

Msusi mmoja alichukua shuka lake, akaandika kwa rangi ya nywele: "Mbunge, barabara iko wapi?" Akalitundika mlangoni pa saluni wakati wa kampeni. Tume ya uchaguzi ikasema hayo ni matumizi ya kampeni yasiyotangazwa. Shuka likachukuliwa. Saluni ikafungwa. Msusi akashtakiwa, na kifungo kikawa kinamngoja. Sheria iliyombana ilikuwa ile ile, ile ya Bi Kifungu.

Msusi akaenda ofisini kwa Bi Kifungu. Dada wa wakili huyo alikuwepo, na anasema mgeni hakulia wala hakubembeleza. Alisema, "Mama, mlango huu umeufunga wewe. Nimekuja kwa mwenye ufunguo."

Bi Kifungu alikuwa na desturi yake. Kabla ya kila kesi alifanya mazoezi jikoni. Yeye akimenya vitunguu, binti yake akimpinga. Safari hii binti, ambaye sasa naye ni wakili, alichukua hoja za mama yake za kesi ya kwanza, akamsomea neno kwa neno.

"Nilimshinda," binti ametuambia. "Mara ya kwanza maishani mwangu. Akaweka kisu chini, akasema, 'Vizuri, mwanangu. Mahakamani nitaanzia hapo.'"

Akaanzia hapo. Kwa wenzake wa zamani alikuwa tayari kigeugeu. Wakili wa tume akatangaza kwamba atampinga mwenzake msomi kwa maneno ya mwenzake msomi. Majaji wakacheka. Bi Kifungu akangoja wamalize. Kisha akakiri kwamba maneno ni yake, na kwamba aliyapanua kupita kiasi. Ukomo ubaki, alisema, lakini uwabane wagombea na wafadhili wao.

"Nilikuja hapa kuwazuia wenye vipaza sauti," aliwaambia. "Huyu hana kipaza sauti. Ana shuka."

Majaji watatu walimkubalia, wawili walikataa. Msusi akaachiwa huru, akarudishiwa shuka lake likiwa na muhuri wa kielelezo cha mahakama. Ukomo ukabaki, na raia anayesema kwa gharama yake ndogo akaachwa aseme. Waandishi walipomuuliza Bi Kifungu kama ameshinda, alijibu, "Nimesahihisha."

Kwa binti yake, kwa dada yake, na kwa mawakili aliowalea, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, uchaguzi unakaribia. Mkisikia sauti kubwa, ulizeni nani ameilipia. Mtaa ukiwa kimya, ulizeni pia nani ameunyamazisha.

Jana tulimpigia simu msusi. Shuka lingali mlangoni, anasema. Rangi imefifia, lakini muhuri wa mahakama unasomeka. Wabunge wamebadilika mara mbili. Barabara bado.