Mwisho wa Kitabu Nilioula kwa Chapati

Ndugu zangu, sogezeni viti. Pafu langu lililobaki ni moja, na hili moja halipendi kupiga kelele.

Baadhi yenu mnanijua kutoka mtaa wa Kamwokya. Nilikuwa nauza vitabu vya mitumba kando ya soko, na sifa yangu ilikuwa hadithi za watu walionusurika. Mteja akija namwambia, "Nyabo, mama yangu, chukua hiki, jamaa yuko jangwani anatafuna mkanda wake! Leo hulali!" Banange, vilikuwa vinatoka. Watu na shibe zao wanapenda kusoma njaa ya mwenzao. Sasa nawaambia jambo la aibu: kurasa za mwisho nilikuwa nazichana. Jirani yangu wa chapati alihitaji karatasi za kufungia, mimi nilihitaji kifungua kinywa, na mteja hufungua kitabu mbele, nyuma haangalii. Akija kugundua, keshafika kwake Kyebando.

Kisha kifua kikuu kikanishika, kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Nikalazwa. Mnazijua dawa zile: unameza konzi nzima, unatapika, masikio yanavuma. Mwezi wa tatu nikachoka, nikawa naficha vidonge chini ya godoro. Mke wangu akija namwambia, "Rudi kwenu Busia, uolewe na mwingine." Sikuwa natania. Nilitaka kufa, basi.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee wa Kinubi, dereva wa malori mstaafu. Aliniona nikificha, wala hakunisemea kwa nesi. Akaniuliza, "Mwanangu, si wewe ndiye muuza vitabu? Nitafutie kimoja cha mtu kuteseka sana."

Nikamjibu vibaya. "Mzee, tazama wodi hii. Mateso haya hayakutoshi?"

Akacheka mpaka akakohoa damu. "Haya ni yangu. Nataka ya mwenzangu."

Mke wangu akaleta kimoja kilichobaki kibandani: mtu amepotea mlimani kwenye theluji, mguu umevunjika, anatambaa. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo nilisoma mimi. Naye akaweka sharti: "Meza kwanza, nione. Ndipo usome." Nikameza, kwa hasira, kila asubuhi, kwa kurasa mbili mbili.

Siku moja nikafunua, hakuna kitu. Uzi tu na vipande vya karatasi. Niliijua namna ile ya kuchana. Ni mkono wangu. Mzee hakuweza tena hata kukaa. Akauliza, "Alifika?"

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia ukweli wote, mpaka chapati. Mzee akasema, "Basi huyo mtu msogeze wewe, kidogo kidogo. Lakini usinidanganye kwamba kafika."

Nikamsogeza. Leo mwamba, kesho kijito kilichoganda. Siku ya nne mzee akafa, wakati wa chai, na yule mtu bado yuko kwenye theluji. Nesi akaja na vidonge vyangu. Msinisifu, sikuwa na tumaini hata chembe. Ila nilimeza, nikakitazama kile kitanda kitupu, nikamsogeza yule mtu mbele kidogo. Hivyo hivyo, miezi mingine kumi na minne.

Namshukuru mke wangu, aliyekataa kuolewa Busia. Namshukuru nesi, aliyesimama kando yangu hata siku nilizomtukana. Mzee nilishindwa kumshukuru.

Nyinyi mnaomeza bado dawa hizi, siwaahidi kitu. Wodini tulianza sita, nimebaki mimi, na sijui kwa nini mimi. Nawaambia tu: meza dawa ya leo. Ya kesho utaichokea kesho.

Kitabu nimekileta, kiko hapa mezani. Anayependa hadithi za taabu achukue, ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuuza. Lakini mwisho msiutafute humo. Niliula kwa chapati.