Fundi Pima-Tena na Moyo Ulioshonwa

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Pima-Tena, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mshona viatu. Alisoma hadi darasa la saba, ingawa aliwahi kufukuzwa kwa siku mbili alipopima meza ya mwalimu na kutangaza kwamba imepinda. Ilikuwa imepinda kweli.

Mwaka 1974 alifungua karakana ya mbao pamoja na mdogo wake. Miaka miwili baadaye alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa mabinti watatu. Hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata chumvi ya mezani aliionja kwanza, isije ikawa sukari.

Tarehe 9 Juni 2008, wiki moja baada ya yeye na mdogo wake kugombania uongozi wa karakana, mnyororo wa winchi ya kuinulia magogo uliachia, gogo likampiga kifuani. Winchi ilikuwa mikononi mwa mdogo wake.

Hospitalini waliona mbavu mbili zimevunjika. Zikaunga, lakini miguu ikaanza kuvimba, na ngazi tano tu zikawa zinammaliza pumzi.

"Kuna kitu hawajakiona," alimwambia mkewe, "au wamekiona wakanyamaza."

Daktari wa tatu alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaagiza ultrasaundi. Pigo lile lilikuwa limechana vali ya moyo. Damu ilirudi nyuma kila moyo ulipodunda.

Siku moja kabla ya upasuaji, tarehe 16 Februari 2009, alimwita mdogo wake wodini.

"Sema kweli. Mnyororo uliuachia?"

"Uliniponyoka, kaka."

"Uliponyoka, au uliuponyosha?"

Mdogo wake alilia.

Daktari wa upasuaji naye hakusalimika. "Ukishaishona, utajuaje haivuji?"

"Nitaijaza maji kabla ya kufunga, fundi. Ikivuja, nashona upya."

Haikuvuja. Aliishi miaka kumi na miwili zaidi. Mdogo wake alimsindikiza kliniki kila mara, lakini winchi hakuishika tena.

"Nimemsamehe," marehemu alimwambia mkewe, "ila nilichokisamehe sikijui."

Alifariki tarehe 3 Septemba 2021, baada ya kuugua nimonia kwa siku tisa.

Ameacha mjane, mabinti watatu, wajukuu saba na mdogo wake, ambaye ameomba kubeba jeneza upande wa kichwani. Familia ilikaa, ikajadiliana sana, ikamkubalia.

Alale pema, na roho yake itulie.