Bahasha, Aliyefunga Barua za Watu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee haya, nami nitajikaza.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bahasha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mama muuguzi na baba karani wa posta, na jina hilo alilipata angali mdogo, kwa sababu hakuwahi kumkabidhi mtu kitu kikiwa wazi, hata ripoti ya shule aliileta nyumbani imebandikwa gundi, na sote tulijua kwa nini.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981, sekondari mwaka 1987, na mwaka 1992 akahitimu shahada ya hisabati, akaajiriwa kwenye ofisi iliyohudumia barua pepe za watu, na huko akagundua kwamba barua hizo zilipita wazi mikononi mwa yeyote aliyekuwa njiani, jambo lililomkera kana kwamba amechunguliwa bafuni.

Tarehe 8 Agosti 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa nguo, wakajaliwa binti mwaka 1997 na mtoto wa kiume mwaka 2001.

Mwaka 2009, yeye na wenzake watatu, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la fundi viatu, walianza kutengeneza programu ya ujumbe iliyotumia anwani ya kawaida ya barua pepe, ila kila ujumbe ulifungwa kwa namna ambayo ni ufunguo wa mpokeaji, yaani msimbo wa siri uliokaa ndani ya simu yake, peke yake ulioweza kuufungua, na tabu yote ilikuwa kwenye programu za watu wengine, maana ujumbe uliotoka kwake ukiwa mzima ulifika kwingine herufi zimevurugika, naye akashinda kwenye simu akiwabembeleza mafundi wa huko kama mshenga.

Binti yake aliifuata kazi hiyo, lakini mwaka 2021 aliajiriwa na wenye programu nyingine, akamletea baba yake pendekezo kwamba mtu akibadilisha simu, ufunguo wake mpya ujitambulishe wenyewe kwa programu zote, naye kaka akakataa katakata, akisema hata mwizi anajua kujitambulisha, binti akamjibu mezani, mbele yetu, kwamba ipo siku atajifungia nje mwenyewe, na tangu hapo wakabaki kupeana salamu za juu juu, jambo lililomuuma kaka kuliko alivyokubali kusema.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo, na upasuaji wa Februari 2024 uliondoka na sauti yake, akawa anaandika kila neno. Mwezi uliopita simu yake ilitumbukia kwenye beseni la maji wodini, ufunguo ukafa nayo, na nakala ya akiba aliyotuhubiria sote tuitunze, yeye mwenyewe hakuwa nayo. Alipewa simu mpya yenye ufunguo mpya, lakini programu ya binti ingeujua tu endapo baba angeanza kuandika, na kila siku alituandikia kwenye karatasi kwamba atamwandikia kesho, kiburi na maumivu vikisaidiana.

Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, jioni, uliingia ujumbe wa binti, umefungwa kwa ufunguo wa zamani, na kwenye kioo yakatokea maneno kwamba ujumbe huu hauwezi kufunguliwa, maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Shemeji alimpigia binti, simu yake ilikuwa imezimwa, kumbe tayari yuko angani, njiani kuja kwetu. Kaka aliomba kalamu, akaandika kwamba mtoto alikuwa sahihi na aambiwe hivyo, kisha akalala na simu kifuani, akafariki Jumanne alfajiri, kabla ndege haijatua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao jana walikubaliana na wenzao wa programu ya binti kulipokea pendekezo lake.

Kaka, binti yako ameniomba nikusomee ujumbe wake, leo ukiwa wazi, kila mtu akisikia: "Baba, sina kinyongo. Napanda ndege sasa hivi. Nisubiri."

Umesomewa, Bahasha, sasa pumzika kwa amani.