Kidole Kimeandika

Mshonaji alikuwa amefumba macho, lakini masikio yake yalikuwa macho kabisa. Kwenye kiti cha mbele yake, mpiga chapa wa mahakama, mama ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia, alikuwa akibishana kuhusu kibodi na fundi kompyuta aliyejuana naye humo humo ndani ya treni.

"Dada, kibodi yenye swichi za sumaku unaipangia mwenyewe kitufe kishuke kiasi gani ndipo herufi iingie," fundi alisema. "Ila ukivilegeza vitufe mno, ukigusa tu, herufi imeingia. Utajaza makosa. Chukua za kawaida."

"Za kawaida zinataka nguvu, nami nguvu sina. Makosa nitayafuta."

"Hakimu atakusubiri ufute?"

Mshonaji aliona swali hilo halina adabu, japo lilikuwa la kweli; akafumbua macho. Mama akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya kibodi iliyokuwa mapajani mwa fundi.

"Niwekee wepesi wa mwisho."

Fundi akapanga hivyo kwenye simu yake, iliyounganishwa na kibodi.

Kidole kikatetemeka, kikashuka. Kwenye simu ya fundi zikatokea a tatu badala ya moja.

"Umeona?" fundi akauliza.

"Nimeona. Kimeandika."

Treni ikasimama kwenye kituo cha mshonaji. Akashuka shingo upande, huku mama akiitafuta herufi ya pili.