Bado Nasalimia

Fundi cherehani, futi ingali shingoni, aliketi mbele yangu kwenye basi, kando ya mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeanza chuo, nasoma sayansi ya nyota mtandaoni."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Bado nasalimia."

Mwalimu alikohoa. Nami nikasogeza sikio. Umbea haulipiwi nauli.

Kumbe walipoambiwa wajitambulishe kwenye ukurasa wa darasa, fundi alimsalimu kila mwanafunzi peke yake: umeamkaje, mama hajambo, kazi zinakwendaje. Somo la kwanza hajalifungua, maana wengine hawajaitikia.

"Binti, mwezi haungoji mtu aitikie!" mwalimu alifoka. "Fungua somo!"

"Nitafungua, baba. Ila jana kaitikia mmoja, anamuuguza mama yake. Alishataka kuacha chuo. Anasema ni mimi tu niliyemuuliza hali ya mama, basi tutasoma pamoja. Nashukuru mno, maana zile hesabu peke yangu nisingeziweza."

"Hata hivyo umechelewa," mwalimu alishikilia.

Basi likasimama kituoni kwake. Alishuka akinung'unika, kisha akarudisha kichwa mlangoni.

"Na huyo mama," aliuliza, "ameamkaje leo?"