Dada Kohoa na Vikopo vya Mate

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu cheti cha maabara.

Kazi aliianzia kwenye kituo cha afya chenye darubini moja, akaiweka dirishani ili ishike mwanga wa jua umeme ukikatika. Vipimo vya kifua kikuu vilitoka safi karibu vyote, na wenzake walifurahi. Yeye roho haikutulia, maana watu waliambiwa ni wazima huku wakizidi kukonda. Siku moja akachungulia vikopo vyenyewe: mate matupu! Kumbe wagonjwa waliona haya kukohoa mbele za watu, wakatema mate wakaondoka. Basi akawapeleka nyuma ya jengo, akakohoa yeye kwanza, kwa mbwembwe zote, mpaka wakacheka, wakavuta pumzi na kutoa makohozi yenyewe. Vimelea vikaanza kuonekana, na jina la Dada Kohoa likamganda.

Kati ya waliorudishiwa kikopo alikuwamo dereva wa gari la mikate, aliyekwisha kuambiwa mara mbili kwamba hana kitu. Alikuja juu. Dada akamwambia, "Kaka, haya mate kaa nayo. Mimi nataka ya kifuani." Ugonjwa ukaonekana, akaanzishiwa dawa. Alipoleta posa kabla dozi haijaisha, aliambiwa amalize dawa kwanza. Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1987.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua Dada, na Agosti hii akalazwa. Kitanda cha pili alikuwapo binti aliyekonda sana, akikohoa, na kipimo kilisema hana TB. Dada akamuuliza alitoaje makohozi, naye akajibu kwamba alitema mate tu. Usingizi ukamruka! Akaomba kikopo, akaomba wasukumwe wote wawili kwa viti vya magurudumu hadi uani, akamfundisha kukohoa huku pumzi zikimkatika mwenyewe. Siku hizi kuna mashine ya kutoa majibu siku hiyohiyo. Jioni muuguzi akaja kusema vimelea vimeonekana, na Dada akapiga makofi kitandani kama timu yake imefunga bao.

"Haya, mwanangu," alimwambia, "sasa utapona."

Moyo wake ulisimama alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2023.

Ameacha mume, wadogo zake wawili, wajukuu watano na watoto watatu. Yule binti anaendelea na dawa. Amesimama pale pembeni na barakoa yake. Jana alikuja nyumbani kuomba aandikwe miongoni mwa watoto, na familia imekubali. Kwa hiyo, watoto ni wanne.

Pumzika, Dada Kohoa. Mungu akulaze pema.