Kisigino cha Mama Roda

Mchungaji, wazee wetu, majirani na ndugu mliotoka Mlowo na Tunduma, mimi Enoka, mtoto wa kwanza wa marehemu, ndiye niliyepewa na familia karatasi hii niwasomee.

Mama yetu, Roda Nzunda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Mbozi Mission, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1965, akafunga ndoa na baba yetu Timotheo tarehe 9 Septemba 1972, wakajaliwa watoto wanne na shamba la kahawa mnalolijua.

Mwaka 1985 aliajiriwa hospitalini kufua nguo za chumba cha upasuaji, akafua miaka ishirini na minne, na hakuna daktari aliyewahi kumrudishia shuka, ila yeye aliwarudisha mlangoni madaktari walioingia na viatu vya nje.

Nyonga ya kulia ilianza kumsumbua mwaka 2007, akawa anashika ukuta kwenda jikoni, na Julai 2010 akapata nafasi ya kuwekewa nyonga ya bandia huko Mbeya, na madaktari wageni waliokuwa wanaondoka wiki ile ile. Siku moja kabla ya upasuaji alinionyesha kidonda kidogo kisiginoni, alichokipata kwa kusimama kwenye maji ya kuoshea kahawa, nami nikamwambia avae soksi anyamaze. Alisema, "Enoka, mashuka ya usaha nimeyafua mimi, wewe hujayafua," kisha akamwita nesi.

Walipompima upya walimkuta na kisukari, wakatueleza kwamba kidonda kilicho wazi, sukari iliyopanda na hata jino bovu huweza kupeleka wadudu kwenye kiungo kipya kikaoza kutoka ndani, na nafasi yake akapewa mtu mwingine. Nilikasirika, wiki nzima sikumsemesha mama yangu. Yeye aling'olewa meno mawili, akaacha ugoro, akakiuguza kisigino mpaka kikapona, akasubiri miaka miwili akitembelea fimbo.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 18 Juni 2012, mshono ukakauka vizuri, na Krismasi ile alitembea hadi kanisani bila fimbo, mimi nikiwa nyuma nimembebea Biblia.

Alifariki tarehe 2 Agosti 2015 kwa kiharusi, baada ya kulazwa siku tatu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi msibani, na wafuaji wenzake, ambao shuka lililomfunika wamelifua kwa mikono yao.

Mama, nisamehe kwa ile soksi. Pumzika kwa amani.